Jina linakiliwe kwenye kitambulisho, simu ipigwe papo hapo: kusajili wanachama wa maktaba bila makosa

Swali: Habari za kazi. Niko dawati la usajili kwenye maktaba ndogo ya jamii hapa Tanga, maeneo ya Makorora. Tunawapa kadi watu wazima na wanafunzi. Shida yetu ni taarifa. Majina kwenye kadi yanakosewa, kitabu kikichelewa simu ya mtu haipatikani, na mara nyingine tunamkuta mtu mmoja ana kadi mbili. Fomu yetu ina maswali mengi lakini haitusaidii. Naomba unieleweshe niulize nini na niulizeje. (Dada wa Makorora)

Jibu: Nzuri, dada. Umegusa chanzo chenyewe uliposema fomu ina maswali mengi na haisaidii. Mwombaji akipewa fomu ya kurasa mbili, nafasi za mwanzo huzijaza kwa makini, zinazofuata ni bora liende. Na wewe mezani, foleni ikiwa ndefu, unakuwa huna muda wa kuhakiki hata kimoja. Kwa hiyo kabla ya kufikiria namna ya kuuliza, chukua kalamu upite kila nafasi kwenye fomu ujiulize: hii nitaitumia lini?

Maktaba inahitaji taarifa kwa mambo manne tu. Kumtambua mwenye kadi, kumpata kitabu kikichelewa, kujua aingie kundi gani la wanachama (mtoto, mwanafunzi au mtu mzima), na kutoa hesabu za jinsi na umri kwenye ripoti. Kabila, dini, hali ya ndoa na kazi ya baba haviingii popote hapo. Vifute. Na usidhani hilo ni suala la kupunguza karatasi tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zichukuliwe kwa lengo linaloeleweka, zisizidi mahitaji ya lengo hilo, ziwe sahihi, na mwenyewe aambiwe zinachukuliwa kwa ajili ya nini. Sheria hiyohiyo inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu zijisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Muulize kiongozi wako kama maktaba yenu imeshafanya hivyo.

Sasa tuje kwenye majina, maana hapo ndipo penye kazi kubwa.

Kosa la jina huanzia sikioni. Mtu anakutajia "Omari", unaandika unavyosikia, kumbe kitambulisho chake kinasema Omary, au Omar. Hapa Tanga orodha ya namna hiyo ni ndefu: Ali, Ally na Aly, Hamisi, Hamis na Khamis, Mohamed, Mohamedi na Muhammad, Athumani na Athuman, Selemani, Suleiman na Sulemani. Ukija kwenye majina ya Wasambaa na Wabondei, Mhina akilitamka haraka utaandika "Mina", na hutampata tena kwenye kompyuta. Dawa yake ni moja: jina halisikilizwi, linakiliwa. Mwombe kitambulisho, kiweke mezani mbele yako, nakili herufi kwa herufi. Usirekebishe hata kama unaona aliyekitengeneza alikosea. Kazi yako ni kumfananisha mtu na hati yake. Akitaka jina lake lirekebishwe, ataanzia huko lilikoandikwa.

Fomu iwe na nafasi tatu zilizotengana: jina la kwanza, jina la kati, jina la mwisho. Ukiacha mstari mmoja mrefu ulioandikwa "Jina kamili", huyu ataanza na jina lake, yule ataanza na la ukoo, na mwingine ataandika mawili tu. Tambua pia kwamba jina la tatu kwa watu wa hapa halina kanuni moja. Kuna anayeweka la babu, kuna anayeweka la ukoo. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuja na majina ya tatu tofauti kabisa, na watu wawili wasiojuana wanaweza wote kuitwa Mwanaidi Juma Ali. Hivyo usiunganishe familia kwa jina la mwisho, na usidhani majina kufanana ni ushahidi kuwa ni mtu yuleyule.

Ongeza nafasi ndogo ya nne: "Jina unalojulikana nalo". Mama anayeitwa Mama Asha mtaa mzima, ukipiga simu ya jirani ukamuulizia kwa jina la kwenye kitambulisho, utaambiwa hapa hakuna mtu huyo. Nafasi hii ni ya kumpatia tu, haichapwi kwenye kadi.

Je, hati zikipingana? Hutokea sana: cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, kitambulisho cha shule kinasema Hamisi. Amueni mapema mpangilio mmoja na mbandike ukutani nyuma ya meza, ili mfanyakazi wa asubuhi na wa jioni waamue sawasawa. Kwa mtu mzima ningeanza na kitambulisho cha NIDA, kisha hati ya kusafiria, leseni ya udereva, kitambulisho cha mpigakura. Asiye na chochote aje na barua ya serikali ya mtaa yenye picha iliyogongwa muhuri. Kwa mtoto anza na cheti cha kuzaliwa, kisha kitambulisho au barua ya shule. Andika kwenye rekodi ni hati ipi umeitumia. Mwaka ujao mtu akija kulalamika, jibu liko palepale.

Tarehe ya kuzaliwa inasumbua kidogo kuliko jina, ila ina mitego yake. Usikubali 03/04/1998, kwa sababu huwezi kujua kama aliyejaza alianza na siku au mwezi. Weka nafasi ya siku, mwezi kwa maneno, mwaka. Mwenye namba ya NIDA utamhakiki kwa sekunde chache: namba ina tarakimu 20, zimegawanywa makundi ya 8, 5, 5 na 2, na zile 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Namba ikianza na 19950314, huyo amezaliwa Machi 14, 1995. Kama fomu inasema vingine, mwulize kabla hajaondoka. Wapo wengi wenye namba bila kadi, wameiandika kwenye kipande cha karatasi au ipo kwenye simu. Inafaa kwa kuhakiki tarehe, lakini haithibitishi sura ya mtu, kwa hiyo omba na hati nyingine yenye picha.

Kwa watoto, tarehe ya kusimuliwa huwa inapishana siku moja na ya kwenye cheti. Mzazi akisema mtoto kazaliwa usiku wa Ijumaa, kwa hesabu za wazee wetu wa pwani ni Alhamisi kuamkia Ijumaa, wakati hospitali inabadilisha tarehe saa sita ya usiku. Fuata cheti au kadi ya kliniki. Mzee anayejua mwaka tu, andika mwaka na uweke alama kuwa tarehe ni ya makadirio. Usimbunie siku na mwezi kimyakimya, maana anayekuja baada yako ataiamini.

Hapo hapo niseme kuhusu nakala za vitambulisho. Maktaba nyingi huchukua fotokopi ya kila kitambulisho na kuibana kwenye fomu. Mimi naona hakuna haja. Ukishakiona na kukilinganisha, andika aina ya hati na, kama ni ya NIDA, makundi mawili ya mwisho ya namba, yaani tarakimu 7, kisha mrudishie mwenyewe. Faili lililojaa fotokopi za vitambulisho ni mzigo kwenu na ni hatari kwa wanachama likiangukia mikono isiyohusika.

Simu. Namba ya Tanzania ukianza na sifuri ina tarakimu 10. Iandike kwa mafungu ya 4, 3 na 3, kwa sababu tarakimu 10 zilizofuatana bila nafasi ndizo zinazorukwa moja bila mtu kujua. Halafu fanya jambo moja litakaloondoa sehemu kubwa ya malalamiko yenu: mbipu pale pale. Simu ikiita mezani, mmemaliza. Isipoita, muulize iko wapi na ni ya nani. Hapo ndipo utaambiwa "hiyo ya mume wangu" au "ya dada, ila tunakaa pamoja". Si kosa kuwa na simu ya mtu mwingine. Kosa ni kuiandika bila kueleza ni ya nani, kisha ukatuma ujumbe wa kudaiwa kitabu kwa mtu asiyejua lolote. Kwa hiyo pembeni ya namba kuwe na nafasi: "Ya nani?"

Omba namba ya pili, na hapa kuwa makini. Simu nyingi zina laini mbili, kwa hiyo mtu akiulizwa namba nyingine hukupa ya laini ya pili iliyo kwenye simu ileile. Simu ikiibiwa Mgandini sokoni, namba zote mbili zimepotea kwa mpigo. Uliza hivi: "Nisipokupata wewe, nimpigie nani anayekaa nyumba nyingine?" Usitumie tarakimu za mwanzo kukisia mtandao wa mtu, kwani tangu mwaka 2017 mteja anaweza kuhama mtandao na namba yake. Na kwa kuwa mpaka wa Horohoro hauko mbali, utapata wenye namba za Kenya. Hizo ziandikwe na 254 mwanzoni, la sivyo zitakosa maana.

Kama mnatunza orodha kwenye Excel, iambie safu ya simu kuwa ni maandishi kabla hujaanza kuingiza. Usipofanya hivyo, programu huichukulia namba kama hesabu na kuimeza sifuri ya mwanzo. Ukiona namba nyingi zina tarakimu 9, huenda hazikukosewa na waombaji. Zilikosewa na safu.

Anuani inategemea unataka kuifanyia nini. Kwetu barua hazipelekwi mlangoni, kwa hiyo sanduku la posta la shule au la ofisi halitakusaidia kumpata mtu. Unachohitaji ni maelezo yanayoweza kumfikisha mtu kwa miguu. Andika kata, mtaa, namba ya nyumba kama kibao cha anwani ya makazi kimewekwa, na jina la mwenye nyumba endapo mwombaji ni mpangaji. Ngamiani ina faida ya barabara zenye namba, lakini "Barabara ya 12" peke yake haitoshi, kwa sababu barabara ni ndefu na Ngamiani ina kata tatu: Kaskazini, Kati na Kusini. Andika na njia inayoikata, au kitu kisichohama. Uwanja wa Mkwakwani hauhami, Hospitali ya Bombo haihami. Duka la Mangi linahama, na "nyuma ya msikiti" katika mji wenye misikiti kama Tanga ni sawa na kutoandika kitu. Postikodi ina tarakimu 5 na za Mkoa wa Tanga zinaanza na 21. Ukiona inaanza na nyingine, mwombaji ameandika ya alikotoka.

Mwanafunzi wa bweni au wa chuo awe na anuani mbili, ya anakolala sasa na ya nyumbani. Mwanachuo anayekaa geto Chumbageni akimaliza masomo hurudi Lushoto au Handeni, na kitabu kinakwenda naye.

Majina ya kata yasiandikwe kwa mkono kwenye kompyuta, yawe ya kuchagua kwenye orodha. Ukiacha kila mtu aandike, utapata "Ngamiani Kati", "Ngamian kati", "N/Kati" na "Ngamiani" tupu, na siku ya ripoti kompyuta itazihesabu kama sehemu nne.

Kwa mtoto, mwanachama ni mtoto lakini mwenye kujibu ni mzazi au mlezi, kwa hiyo rekodi ya mzazi ihakikiwe kwa uzito uleule: jina kutoka kwenye hati, simu ikapigwa, saini yake mwenyewe. Mwalimu anaweza kuthibitisha kuwa mtoto ni mwanafunzi wake. Kumfanya mwalimu mdhamini wa watoto darasa zima nakushauri usikubali, maana walimu huhamishwa, na akihamishwa udhamini wote unakwenda naye. Anayekaa na bibi au shangazi, mwandike huyo anayekaa naye na uandike uhusiano wao. Darasa liandikwe pamoja na mwaka, kwa mfano "Darasa la 5, 2025". Darasa peke yake linapitwa na wakati Januari ifikapo.

Namna ya kuuliza ina uzito kama fomu yenyewe. Swali la kumtilia mtu jibu mdomoni humfanya aitikie tu. Ukisema "Bado unakaa Mabawa, eti?" atasema ndiyo ili apishe foleni. Sema "Sasa hivi unakaa wapi?" unyamaze. Usitaje namba ya mtu kwa sauti mbele ya foleni, mwonyeshe kwenye karatasi au geuza kioo cha kompyuta upande wake. Wengine, hasa wasichana, hutoa namba ya uongo kwa sababu wanajua wanaowasikiliza nyuma yao wataipiga jioni. Kiti cha mwombaji kikiwa hatua mbili au tatu mbele ya foleni, utaona namba zinavyokuwa za kweli. Na kwa mtu mzima usianze na umri. "Shikamoo mama, naomba kitambulisho nikunakilie mwenyewe, usisumbuke kuandika" itakupa jina na tarehe kwa pamoja, bila kumuuliza mbele za watu amezaliwa mwaka gani. Hata asiyejua kusoma anasajiliwa bila kuaibika.

Ukimaliza kuingiza, usibonyeze kuhifadhi. Mwombaji asome kwanza yeye mwenyewe kwenye kioo, aoneshe kwa kidole jina, tarehe, simu, makazi. Asiyeweza kusoma, msomee taratibu, na jina lake ulitaje herufi kwa herufi ukiwa umeshika kitambulisho chake. Hatua hii ina dakika moja tu na ndiyo inayookoa kadi isichapwe mara mbili. Usajili mzima ukifuata utaratibu huu hauzidi dakika nane hivi. Foleni ikiwa ndefu, wape wengine namba za kusubiri, au waambie siku na saa ya kurudi. Kusajili watu arobaini kwa pupa baada ya ziara ya shule ni kujitengenezea kazi ya mwaka mzima.

Kuhusu kadi mbili kwa mtu mmoja: chanzo chake kikubwa ni kutafuta kwa jina kabla ya kusajili, na jina, kama tulivyoona, lina sura tatu. Tafuta kwa simu, kisha kwa tarehe ya kuzaliwa, mwisho ndiyo jina, tena kwa herufi chache za mwanzo. Kama mnatumia Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, yenyewe hutoa onyo kwa kulinganisha jina la ukoo, jina la kwanza na tarehe ya kuzaliwa, lakini herufi moja ikitofautiana inanyamaza. Ndiyo maana tarehe ya kubuni ni hatari. Amueni pia majina matatu ya kwetu yanakaaje humo: jina la mwisho liende kwenye nafasi ya ukoo, mawili ya mwanzo yaende pamoja kwenye nafasi ya jina la kwanza, na asiwepo wa kufanya vinginevyo. Chanzo cha pili ni kadi iliyopotea. Mtu akipoteza kadi, fungua rekodi yake ya zamani ubadilishe namba ya kadi tu. Ukimsajili upya, madeni yake ya vitabu yanabaki kwenye rekodi isiyo na mwenyewe.

Taarifa sahihi leo huharibika kesho, kwa hiyo kadi iwe na mwisho. Mwaka mmoja unatosha kwa watu wazima. Za wanafunzi wa madarasa ya mitihani zikatishwe mapema: darasa la saba wanamaliza Septemba, kidato cha nne Novemba, na wakishaondoka huwapati. Wakati wa kuhuisha usiulize "Kuna kilichobadilika?" Mpe karatasi yenye makazi na simu wazi ajaze upya, halafu linganisha na ulichonacho.

Ya zamani msiyasafishe yote kwa mkupuo, mtachoka katikati. Anzeni na wenye vitabu mikononi, kisha wenye simu zilizopungua tarakimu. Waliobaki wawekeeni alama kwenye rekodi, ili yeyote akija kuazima ahakikiwe siku hiyo kabla ya kupewa kitabu. Rekodi mbili zinazofanana msiziunganishe mpaka mwenyewe awe mbele yenu, maana hao Mwanaidi Juma Ali wawili wapo kweli. Na fomu za karatasi ambazo zimeshaingizwa na kuhakikiwa zifungiwe kabatini kwa kufuli, zikipita muda mliojiwekea zichomwe mkishuhudia. Zikiachwa pembeni ya ofisi, mtazikuta mtaani zinafungiwa karanga zikiwa na majina na simu za wanachama wenu.